Sekunde Arobaini za Mwanzo

Nkende, Tarime
3 Februari 2024

Mjomba Nchagwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na mkaza mjomba Agustina, na kwamba mvua imewafikia huko Mbalibali kama ilivyotufikia sisi. Hapa nyumbani tu wazima, isipokuwa dada yako. Goti bado linamsumbua, na amekataa kurudi hospitali kwa sababu mara ya mwisho daktari alimwambia apunguze mwili. Anasema yule daktari ni mtoto mdogo na hana adabu. Anakusalimia sana na ananiuliza kila siku kama yule ndama wa ng'ombe mwekundu alipona. Usipoandika habari za ndama kwenye jibu lako, mimi ndiye nitakayekosa amani humu ndani.

Mjomba, najua unangoja. Tangu nilipokuja kukurekodi ukipiga litungu mwezi wa kumi na mbili, kila Jumamosi saa nne asubuhi unawasha redio na mimi sikutoi. Si kwamba nimesahau. Kila nikipanga kipindi linaingia jambo. Mara msanii fulani kaachana na mchumba wake, mara mwingine kanunua gari ambalo watu wanasema la kuazima. Bwana Maftah, mkuu wetu wa vipindi, anasema hizo ndizo habari za burudani. Litungu na nyuzi zake nane ni utamaduni, na utamaduni una siku yake. Nilimuuliza ni siku gani. Akarudi kwenye simu yake.

Huu ni mwaka wa tatu natangaza bila mkataba. Ninyi mnaonisikia huko mnadhani nashinda na mastaa. Nashinda na feni mbovu. Kila asubuhi nasoma kwenye simu walichoandika watu wa Dar es Salaam, halafu nakisema kwa sauti nzuri kana kwamba nilikuwepo. Nikikosea jina la mwanamuziki natukanwa na watoto wa sekondari mpaka jioni. Lakini sijakata tamaa. Bwana Maftah ameniahidi kwa mdomo wake kwamba nikimleta Faridu studio, mkataba ni wangu. Faridu unamjua, yule kijana aliyekulia hapa hapa Nkende ambaye sasa nchi nzima inamcheza.

Wimbo wako utatoka Jumamosi ya tarehe 17, nimeshapata nafasi. Umetoka vizuri sana. Nimeukata kidogo tu mwanzoni, yale maneno unayosema kabla ya kupiga, kama sekunde arobaini. Redioni wimbo lazima uanze moto moto, msikilizaji asipate nafasi ya kuhama. Tunaita kukata kichwa, na tunawakata wote, usije ukaona ni wewe tu.

Barua nampa Sadock, kondakta wa basi la Mugumu, kama kawaida. Mama ananicheka, anasema si nipige tu simu ya jirani yenu. Nimemwambia wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua nikiwa darasa la tatu, na hujawahi kupenda habari zako zipite kwa jirani.

Mpwa wako,
Wegesa


Mbalibali, Serengeti
25 Februari 2024

Mpwa wangu Wegesa,

Marahaba. Ndama alikufa. Mwambie mama yako taratibu, akiwa amekaa, kwa ajili ya goti.

Agustina ni mzima na anakusalimia. Mahindi siyo mazima. Tembo walipita Jumanne, wakala upande wangu wote na kuacha upande wa jirani, ambaye sasa anatembea kifua mbele kama aliyeongea nao. Watu wa wanyamapori walikuja, wakapiga picha, wakaniambia pole, wakaondoka. Tutakula viazi. Si mara ya kwanza.

Sasa habari ya redio. Tarehe 17 niliita watu kumi na mmoja. Agustina alichemsha chai ya maziwa. Tukakusikia unacheka na mwenzako kuhusu viatu vya msanii, muda mrefu, sikujua viatu vina maneno mengi hivyo. Kisha nikasikia vidole vyangu. Dakika mbili. Kisha likaja tangazo la dawa ya kupe. Mzee mmoja aliyekaa bega kwa bega na mimi akaniuliza, "Mura, huyo anayepiga ni wa wapi?" Aliniuliza mimi, Wegesa.

Zile sekunde ulizokata si maneno ya kupitisha muda. Nilidhani unajua, lakini labda ni kosa langu, ulikua mjini. Kwetu mpigaji hagusi uzi kabla hajasema yeye ni nani, ni mtoto wa nani, na ni nani aliyemfundisha. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu Mwikwabe. Nilimchungia ng'ombe miaka sita ndipo akaniruhusu kushika uzi wa nane. Alipokufa hakuniachia kitu, hata fimbo, ila kabla hajafa aliniambia nisipige hata siku moja bila kumtaja. Sijawahi. Nimepiga nikiwa na homa, nimepiga kwenye mkutano wa siasa ambapo walinipa dakika tatu, na katika hizo tatu nilimtaja. Anayepiga bila kutaja anapiga kitu cha wizi. Sasa nimesikika hivyo Tarime na Serengeti.

Sijakasirika. Nimesikitika tu, na kusikitika kwangu kutapita. Ukipata nafasi urudishie wimbo kichwa chake.

Kaza moyo na kazi yako. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unatangaza mpira wa makaratasi hapa uani mpaka kuku wanakimbia. Sikuwahi kukuambia unyamaze.

Ni mimi,
Nchagwa


Nkende, Tarime
19 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama alilia kwa ajili ya ndama kuliko alivyolia kwenye msiba wa baba mkwe wake. Siku tatu hakuimba akipika. Sasa ameanza tena kuimba, na goti linasema afadhali. Pole sana kwa mahindi. Nimewatumia kilo tano za unga kwa Sadock, hakikisheni zimefika tano.

Umenisema na nimestahili, ingawa nadhani si kwa ukubwa huo. Sikujua kuhusu Mwikwabe. Nilijua unasema maneno kabla ya kupiga, nikayachukulia kama salamu. Sikukitupa kile kichwa, kiko kwenye simu yangu. Nitautoa wimbo mzima nikipata nafasi, nakuahidi.

Nina habari nyingine, nzuri. Wiki iliyopita alikuja mtu anaitwa Hamim, mtayarishaji wa muziki wa Faridu. Alikuwa anapita kwenda Sirari, akaingia studio kusalimia. Bwana Maftah alibadilika sura, hata feni ikatengenezwa siku ile ile. Hamim alikaa na mimi mpaka mchana akisikiliza kazi zangu, moja baada ya nyingine. Alisema miaka mingi hajakutana na mtangazaji wa mkoani mwenye sikio kama langu. Mjomba, hujui maneno kama hayo yanafanya nini kwa mtu aliyekaa miaka mitatu akiambiwa asogee waliokuja jana wapite.

Sitaki kusema mengi kabla mambo hayajaiva. Niombee tu.

Wegesa


Mbalibali
2 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Unga ulifika, tano kamili, Sadock ni mwaminifu. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya kulinda shamba. Safari hii tulipiga madebe tangu jua likiwa juu na tembo wakageukia kwa jirani. Nilimpa pole. Agustina anasema sura yangu haikuonyesha pole.

Sasa nisikilize. Mwezi wa nne nilikwenda Mugumu kununua dawa ya mifugo. Karibu na soko kuna duka la simu lenye spika mlangoni. Nilikuwa napita na chupa yangu mkononi nikasikia litungu. Nikasimama. Mtu hujua mkono wake. Pale katikati, uzi wa tatu unapojibu wa saba, mimi huchelewa kidogo kwa sababu kidole hiki kilivunjwa na ng'ombe mwaka wa themanini na saba. Nilisikia kuchelewa kwangu. Juu yake kuna ngoma, na kijana anaimba kuhusu msichana aliyemkataa. Nilimuuliza mwenye duka ni wimbo wa nani. Akasema, "Mzee, huyu ni Faridu, hujui?" akaniongezea sauti ili nifaidi.

Nilikwenda zangu. Nilijiambia labda masikio yanazeeka. Lakini tarehe 25 mwezi uliopita tulikuwa na arusi ya mtoto wa dada yake Agustina, hapo hapo Mugumu. Waliniomba nipige. Nikajitaja, nikamtaja Mwikwabe, nikapiga ule ule. Nilipomaliza kijana mmoja aliyevaa suti akanipa mkono, akasema, "Mzee, umejitahidi sana kumuiga, ila ile ya Faridu ina mzuka zaidi." Watu wakacheka, hawakuwa na ubaya. Wakaweka ya Faridu. Wakainuka wote kucheza. Agustina akanishika mkono akasema twende nyumbani, na chakula kilikuwa bado.

Miaka arobaini na moja napiga ule wimbo, Wegesa. Juzi nimekuwa mwigaji.

Nimefikiri sana. Waliowahi kunirekodi ni wawili, wewe na padri mmoja mwaka 2003 kwa kaseti, nayo ililiwa na panya. Sikushitaki. Nauliza tu wimbo umefikaje huko.

Tena nimekusikia ukitangaza kwamba Faridu atakuja studio kwenu tarehe 22 mwezi huu. Hongera, nimefurahi kwa ajili yako, kweli. Basi muulize swali moja mbele ya watu: anayepiga litungu kwenye wimbo wako ni nani? Akitaka kusema hajui, aseme hajui, na wewe umwambie. Sitaki kitu kingine kwake.

Nchagwa


Nkende, Tarime
10 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Sadock anaondoka. Mama mzima, ila sukari imepanda kidogo, tunaangalia chakula.

Kuhusu ulivyouliza umefikaje, siku hizi vitu vinatembea vyenyewe mitandaoni, hata sisi wenyewe wa kazi hii hatujui. Pole sana kwa yaliyotokea arusini.

Nitamuuliza. Jumamosi ya tarehe 22, saa nne. Kaa karibu na redio.

Wegesa


Mbalibali
23 Juni 2024

Wegesa,

Tulikaa karibu na redio. Safari hii walikuja watu kumi na sita, maana nilikuwa nimewaambia, "Mpwa wangu atauliza." Mwalimu wa shule alikuja na daftari.

Ulimuuliza kuhusu gari lake. Ulimuuliza kuhusu yule msichana. Ulimuuliza akirudi nyumbani anapenda kula nini. Akasema ugali wa mtama na mlenda, mkacheka wote wawili. Wimbo ulipigwa mara mbili. Yeye mwenyewe akasema mlio ule wa nyumbani "niliuokota tu huko kwetu", na wewe ukasema, "Safi sana."

Mlipomaliza watu waliinuka. Walishukuru kwa chai.

Wasalimie nyumbani.

Nchagwa


Nkende, Tarime
8 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Sukari imeshuka, goti lile lile. Yeye ndiye aliyeniwekea karatasi mezani leo asubuhi, akaniambia hatoki chumbani mpaka niandike.

Ni karibu wiki saba sijaijibu barua yako. Nilianza barua nne. Zote zilikuwa na habari za goti na hali ya hewa, nikazichana.

Ni mimi niliyempa. Siku ile Hamim alipokaa studio alisikia wimbo wako, akasema, "Dada, hiki ni dhahabu, cha nani?" Nikamwambia ni cha mzee mmoja wa Serengeti. Sikusema mjomba wangu. Sijui kwa nini sikusema, au najua. Mbele ya mtu wa Dar es Salaam nilitaka nionekane mtafiti aliyezunguka vijijini, si mtu aliyekwenda kwa mjomba wake akapewa chai. Akaniomba. Akasema Faridu anatafuta vionjo vya nyumbani na kwamba akivipata atakuja mwenyewe kunishukuru. Nikamwekea kwenye simu yake pale pale. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshakata kichwa, kilichotoka mkononi mwangu hakikuwa na jina la mtu hata mmoja. Yeye alichukua mali isiyo na mwenyewe. Mimi ndiye niliyeifanya hivyo.

Mama alijua siku ya kwanza wimbo ulipopigwa. Alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Huyo ni kaka yangu," kisha akanitazama. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Swali lako nililiandika, Mjomba, kwa kalamu nyekundu, la kwanza kabisa juu ya karatasi. Kabla hatujaingia hewani Hamim aliliona. Akanivuta kando akaniambia kwa upole kabisa, "Ya litungu tusiiguse. Si ulinipa mwenyewe?" Nikaelewa kwamba nikimuuliza Faridu nitakuwa najiuliza mimi, na wilaya mbili zinasikiliza. Bwana Maftah alikuwa nyuma ya kioo, na mkataba ulikuwa mezani kwake umeshaandikwa jina langu. Miaka mitatu. Nikauliza kuhusu chakula.

Mkataba nilipata. Nilisaini Jumatatu yake. Nimekaa nao wiki sita na sijawahi kuichukia kazi hii kama nilivyoichukia katika hizo wiki sita. Zamani nikichoka nilikuwa najiambia kwamba siku moja nitaweka hewani mtu anayestahili. Huyo mtu nilikuwa naye tangu mwanzo.

Jumamosi hii, tarehe 10, saa nne, washa redio. Waite wale kumi na sita, mwalimu aje na daftari lake. Sikuombi uniamini. Washa tu.

Wegesa


Nkende, Tarime
11 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mlisikia, lakini naandika kwa ajili ya yale ambayo hayakusikika.

Niliuweka wimbo mzima na kichwa chake. Sauti yako ikasema wewe ni Nchagwa, ukamtaja baba yako, ukamtaja Mwikwabe, na sikuigusa hata pumzi. Ulipomaliza kupiga nikasema kwamba huo ndio mkono unaosikika kwenye wimbo wa Faridu, kwamba hakuuokota, alipewa, na aliyempa bila ruhusa ya mwenyewe ni mimi ninayezungumza. Nilikuwa nimeyaandika maneno yote nisije nikajipendelea.

Bwana Maftah aliingia wimbo ukiwa unakwisha. Alisubiri kwa heshima mpaka nilipoweka tangazo, kisha akaniambia nikabidhi ufunguo. Akasema hana ugomvi na mzee wangu, ana ugomvi na mtu anayechafua nyumba akiwa amekaa ndani yake. Nikaukabidhi. Ana haki kidogo, na ndiyo maana maneno yake yananiuma.

Kabla sijatoka walipiga simu wasikilizaji watatu. Mmoja alilia, akasema babu yake alikuwa anapiga hivyo. Wa pili alinitukana, alisema namwonea wivu kijana wa watu. Wa tatu aliomba niweke wimbo wa Faridu. Nimeangalia leo mitandaoni, jina lako bado halipo kwenye wimbo. Nimemwandikia Hamim, amesoma, hajajibu. Nitaandika tena kesho, na keshokutwa. Siwezi kukuahidi kwamba litawekwa. Nimeshakuahidi vya kutosha.

Kwa hiyo sina kazi. Jana jioni nilipofika nyumbani Mama alinipa chakula, halafu akaniongezea nyama. Leo Jumapili, nimekaa siku moja tu bila kipindi, na tayari nimeandika nyuma ya bahasha majina ya wapiga litungu saba kati ya hapa na Mugumu ambao hakuna aliyewahi kuwarekodi. Nimeyaandika mwenyewe, hakuna aliyeniomba. Sijui huu ni ujasiri au ni ugonjwa. Nadhani watu wa kazi yangu tuna ugonjwa, tunapigwa leo na kesho tunapanga kipindi.

Nisamehe. Nimelikwepa neno hilo barua nzima.

Wegesa


Mbalibali
1 Septemba 2024

Wegesa,

Marahaba. Mwambie mama yako nimefurahi kuhusu sukari. Agustina mzima. Mimi mzima, isipokuwa mgongo.

Barua yako ya tarehe 8 niliipata tarehe 13. Basi la Sadock liliharibika Nyamongo, akalala huko na mizigo ya watu. Ya tarehe 11 ilifika siku ile ile kwa basi lingine, nikazisoma zote mbili pamoja nimesimama barabarani.

Sikukusikia. Redio niligawa mwezi wa sita, siku mbili baada ya ile habari ya ugali wa mtama. Nilimpa yule mwalimu. Sikutaka kuwa nayo ndani. Na Jumamosi uliyosema, mwalimu alikuwa mtoni anafua, redio imezimwa mezani. Hakuna mtu wa kwangu aliyekusikia.

Waliosikia ni wengine. Walianza kuja siku ile ile mchana na mimi sijui kitu, nakata majani ya ng'ombe. Wa kwanza alitoka Mugumu kwa pikipiki, mtu ambaye hata simjui, akanishika mkono akasema, "Mzee, umetajwa." Nilidhani nimeshitakiwa. Baadaye wakaja wengine. Mmoja anasema ulilia. Mwingine anasema hukulia, ulisema kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Mwingine anasema ulimtukana Faridu, nikamwambia hapana, huyo siyo Wegesa. Yule kijana wa suti wa arusini alileta sukari kilo mbili, akakaa nusu saa akiangalia viatu vyake. Nimewauliza wote sauti yangu ilikuwaje. Wanasema nzuri. Hiyo ni adabu tu.

Sasa nikuambie ukweli, maana wewe umeniambia wako. Mwezi wa pili nilikuandikia kwamba sijakasirika. Safari hii nimekasirika. Si kwa ajili ya wimbo. Kama ungeniomba wimbo uende kwa Faridu ningekupa, na ningekupa na mwingine mzuri zaidi. Nimekasirika kwa sababu nilipokuuliza umefikaje, uliniandikia kwamba vitu vinatembea vyenyewe. Niliisoma nikakuamini. Nikawaita watu kumi na sita. Nilikaa mbele yao nimevaa koti, nikisubiri uulize kitu ambacho wewe ulikuwa na jibu lake mfukoni. Hiyo haitoki. Agustina anasema itatoka. Yeye huamini mengi.

Kuhusu kufukuzwa kazi, nimeumia. Najua ulivyoipenda. Nilitaka kuandika kwamba ulistahili, nikaiandika, nikaifuta, alama unaiona. Na hao saba uliowaandika, wawili wamekwisha kufa, nitakuambia ni akina nani. Wanne niliowafahamu mimi hukuwaandika. Orodha yako mbaya. Usiitupe.

Uliyoyasema umeyasema kwa watu wa Tarime na wa Serengeti, kwa wenye pikipiki na wenye suti. Mimi sijaambiwa. Nimesoma, na kusoma si kuambiwa. Basi njoo. Uache hiyo simu yako kwa mama yako, safari hii hakuna kurekodi. Utakaa kwenye kiti, Agustina akiwepo, na utaniambia kwa mdomo wako tangu siku uliposema mimi ni mzee mmoja wa Serengeti. Mimi nitakusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza. Ukishamaliza ndipo nitajua kama nimekusamehe. Leo sijui, na sitaki kukudanganya.

Sadock anakuja huku Alhamisi, panda basi lake. Barua hii usiijibu.

Mjomba wako,
Nchagwa